Saa Elfu Mbili za Dohani Namba Tatu

Nagoya, 14 Aprili 1975

Kwa Mzee Mukai Torakichi,
Mkuu wa zamu, Boila Namba Tatu, Isozaki

Maua ya cheri huku yameshapukutika, na kwenu pwani nadhani upepo uliyamaliza mapema zaidi. Desturi inanitaka niendelee kuhusu maua kwa ukurasa mzima, lakini sina subira hiyo. Naingia kwenye shughuli.

Mimi ndiye yule mwanamke wa maabara aliyekuja na lori wiki iliyopita. Uliliangalia sanduku langu lenye matundu, ukawaambia wenzako, "Huyu katuletea mzinga wa nyuki," wakacheka mpaka Bwana Kameda akashika ukuta asianguke. Nami nilicheka, kwa sababu kweli linafanana na mzinga. Ila hukunipa nafasi ya kueleza, na ninataka uelewe kitu unachokilinda.

Moshi wa boila lako unabeba gesi chungu inayozaliwa kwenye moto wenyewe, hewa inapoungua kwa joto kali. Hatuwezi kuizuia isizaliwe. Tunachoweza ni kuikamata njiani. Tunapulizia amonia kidogo ndani ya moshi, kisha moshi unapita kwenye matundu ya sanduku. Kuta za matundu ni poda nyeupe ya titani, ile ile inayotiwa kwenye rangi ya nyumba, na juu yake nimepaka madini ya vanadi. Hicho ndicho kichocheo. Chenyewe hakiliwi; kinazilazimisha gesi mbili zikutane, na kinachotoka upande wa pili ni hewa ya kawaida na mvuke wa maji. Sanduku la kwanza nililijenga kwa udongo mwingine, salfa ikaliozesha kwa wiki mbili. Hili la pili nimelitolea jasho miaka minne.

Serikali imeweka kiwango kipya cha usafi wa hewa, na wenye viwanda wanapiga kelele kwamba hakifikiki. Mwezi wa kumi na moja kamati itakaa Tokyo kusikiliza. Sanduku likiishi saa elfu mbili kwenye moshi halisi, nitakuwa na jibu la kuwapa. Likifa, maabara yangu itafungwa na kelele zao zitageuka sheria.

Kila siku ya kumi mtazima boila na kulifungua sanduku. Tafadhali niandikie namba wewe mwenyewe. Zinazopitia kwa Meneja Kuga, huku makao makuu ya kampuni, hunifikia zikiwa zimepigwa pasi. Nimeambatanisha orodha ya makatazo kumi na moja: lisiguswe na grisi, rangi, maji ya bahari na kadhalika. Yasome yote, tafadhali.

Orihara Fumie


Isozaki, 2 Mei 1975

Binti Orihara,

Mimi mkono wangu umezoea koleo, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Hali ya hewa: ipo.

Namba yako hii hapa. Katika kila sehemu mia za hiyo gesi chungu, sanduku linameza tisini na moja. Tulipima mara tatu maana sikuamini. Kameda aliponiona nagonga kioo cha kipimo akaniambia, "Mukai, acha kukipiga, hakikukosea, wewe ndiye umezeeka." Hana adabu yule mtu. Miaka kumi na minane tuko zamu moja na hajawahi kuninyamazia.

Makatazo yako nimeyabandika ukutani. Umekataza hata kupiga chafya karibu na mlango! Nimewasha moto tangu kabla hujazaliwa na sijawahi kuagizwa na sanduku.

Lakini nikuambie kitu kimoja halafu tusikirudie. Mke wangu, Sue, analala ameketi. Akijilaza, pumzi haiji. Daktari anasema ni hewa ya hapa. Hewa ya hapa naipika mimi. Kwa hiyo mzinga wako nitaulinda, na ukifa hautakufa kwa uzembe wangu.

Mukai Torakichi


Nagoya, 11 Mei 1975

Mzee Mukai,

Tisini na moja! Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maabara, watu wakapita wakidhani nimefiwa, kwa vile nilivyokuwa nalia.

Meneja Kuga hakulia. Aliniambia, "Siku kumi si kitu, Bibi Orihara." Ana dohani kumi na saba nchi nzima, na sanduku likifaulu atatakiwa kuweka la kwake kwenye kila moja. Anatabasamu nami kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua litakuja.

Mwambie Mama Sue namsalimu. Kuhusu chafya: katazo hilo linabaki.

Orihara Fumie


Isozaki, 19 Juni 1975

Binti Orihara,

Mvua haijakatika tangu tarehe sita.

Saa elfu moja na mia mbili. Tisini katika mia.

Kameda Shozo aliteleza kwenye ngazi ya sanduku tarehe kumi, tulipokuwa tunalifungua. Tumeshamzika.

Mukai


Nagoya, 25 Juni 1975

Mzee Mukai,

Nimesikitishwa sana na habari za msiba uliomfika Bwana Kameda. Naomba unifikishie pole zangu za dhati kwa familia yake na kwa wafanyakazi wote wa zamu.

Namba ni nzuri mno. Ninaomba pia joto la moshi kwenye mlango wa kuingilia, kwa kila saa, tangu boila lilipowashwa tena, kwa sababu lilikaa limezimwa kupita ratiba na ningependa kujua kama kichocheo kilipata mshtuko.

Orihara Fumie


Isozaki, 31 Julai 1975

Bibi Orihara,

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara mbili kutafuta mahali ulipoandika wewe. Sikupaona. Pole ile ningeweza kuipata posta, imeshachapwa. Kisha ukauliza kama sanduku lilipata mshtuko. Sanduku! Nimemshika Kameda kichwa chake mapajani mpaka gari lilipokuja, na wewe unaniuliza joto la moshi.

Joto la moshi umeambatanishiwa. Halikubadilika.

Namba zinashuka. Tarehe thelathini Juni, themanini na nne. Tarehe kumi Julai, sabini na sita. Ishirini Julai, sitini na tisa. Jana, hamsini na nane. Sijui kwa nini. Moto ni ule ule, mafuta ni yale yale, amonia ni ile ile.

Watu wa zamu wanasema sanduku lina mkosi. Hakuna anayetaka kupanda ile ngazi. Napanda mimi peke yangu, siku ya kumi, kila mara. Usihofu, ninalilinda kwa namna ninayoijua.

Mukai Torakichi


Nagoya, 2 Septemba 1975

Mzee Mukai,

Naanza na lililo gumu. Ulinisema, na ulikuwa na haki. Niliandika barua ile Meneja Kuga akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, lakini hiyo si sababu, ni kisingizio. Bwana Kameda alikufa kwenye ngazi ya kitu nilichokibuni mimi. Nimechora ngazi mpya yenye vishikio pande zote mbili. Nilipaswa kuichora mwezi wa tatu. Naona haya.

Sasa sikiliza, kwa sababu tuko pabaya.

Nimekata vipande vitatu ulivyonitumia sanduku liliposimamishwa Agosti, na kuvipima. Vimejaa sodiamu. Sodiamu inaikalia vanadi mahali pale pale amonia inapotaka kukaa, ikikalia haitoki, na kazi inasimama. Kuga aliposikia neno hilo uso wake uling'aa. "Bahari," akasema. "Upepo wa bahari una chumvi." Kufikia jioni ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa: kichocheo kinauawa na hewa ya pwani, kwa hiyo njia hii haifai Japani.

Unaona walivyonifunga? Viwanda vyetu vyote vikubwa viko pwani. Kama bahari ndiyo iliyoua, mwezi wa kumi na moja kamati itafunga faili, na kila dohani itaendelea kutapika.

Wamenipa ripoti nigonge muhuri wangu. Nimekataa. Nimeambiwa nifikirie hadi mwisho wa mwezi. Nimeshafikiri, nimekataa tena. Meza yangu imehamishiwa stoo, kati ya mapipa ya asetoni.

Mimi siamini kwamba ni bahari. Mlikuwa kando ya bahari hiyo hiyo Aprili, Mei, na nusu ya Juni, na sanduku halikushtuka. Kuna kitu kiliingia baada ya hapo. Nakuomba ukague mabomba yote, vali, maji ya kuoshea. Kuna mahali maji ya bahari yanapenya? Kitu chochote, hata kidogo.

Orihara Fumie


Isozaki, 8 Septemba 1975

Binti Orihara,

Pole yako hii nimeipokea. Mke wa Kameda nimempelekea mchoro wa ngazi, ameuweka mbele ya picha ya marehemu.

Nimekagua mabomba yote. Hakuna maji ya bahari.

Swali tu, maana sikusoma kemia. Hiyo sodiamu, ili iue sanduku, inahitajika nyingi kiasi gani? Konzi moja ya kiganja ni nyingi?

Mukai Torakichi


Nagoya, 10 Septemba 1975

Mzee Mukai,

Konzi ya nini?

Orihara


Isozaki, 17 Septemba 1975

Binti Orihara,

Nimeianza barua hii mara nne. Sue ameniambia, "Iandike kama unavyoongea, uimalize, chakula kinapoa."

Chumvi. Ya jikoni.

Ukitoka mazikoni unanyunyiziwa chumvi mlangoni kabla hujaingia ndani. Wewe mwenyewe umenyunyiziwa, usijifanye wa Nagoya. Mahali alipofia mtu pana uchafu wa kifo, na pasiposafishwa panaita mwingine. Mwaka tulipojenga Boila Namba Tatu, kuhani wa hekalu alikuja, akamwaga chumvi pembe zote nne, na wakurugenzi wakainamisha vichwa, Kuga akiwa mmoja wao. Baada ya Kameda, hakuna aliyeita kuhani. Waliosha ngazi kwa mpira wa maji, wakasema tuwashe moto.

Kwa hiyo nikafanya mimi. Tarehe kumi na nne Juni, kabla ya kuwasha, nilipanda na konzi ya chumvi ndani ya karatasi. Kameda alikuwa ameshika mlango wa sanduku alipoteleza, basi nikaifungua milango yote miwili, nikaiweka ndani, sakafuni, mbele ya matundu. Kirundo kidogo, safi, kama inavyotakiwa. Siku ya kumi tulipozima na kufungua, chumvi haikuwepo. Hata chembe. Nikasema moyoni, imepokelewa. Nikaweka nyingine. Kila siku ya kumi hivyo hivyo, inapokelewa, naweka nyingine. Namba zilipoanza kushuka niliogopa, nikazidi kuweka kwa heshima zaidi.

Konzi sita, Binti Orihara. Nilikuwa nalilinda.

Niliposoma neno sodiamu nilikwenda kumuuliza mwalimu wa shule ya hapa, akanionyesha kwenye kitabu kwamba imo ndani ya chumvi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikumbuki njia. Barua yangu ya tarehe nane ilikuwa ya mwoga. Hii si ya mwoga. Fanya nayo utakavyo.

Mukai Torakichi


Nagoya, 24 Septemba 1975

Mzee Mukai,

Nilipomaliza kusoma nilikwenda nyuma ya stoo nikapiga teke pipa tupu mpaka mlinzi akaja. Miaka minne! Imepokelewa kweli, Mzee, nani kasema haijapokelewa? Imepokelewa na vanadi yangu yote. Mlipozima boila, unyevu wa mvua uliiyeyusha. Mlipowasha, mvuke ukaibeba mpaka ndani ya vinyweleo vya kuta. Hata ningelipwa kulihujumu sanduku langu mwenyewe, nisingebuni njia safi kama hiyo.

Nimekasirika siku mbili. Siku ya tatu nilichukua orodha yangu ya makatazo. Kumi na moja. Grisi, rangi, maji ya bahari, chafya. Niliandika kila kitu ambacho mtu wa maabara anaweza kukiwaza, na sikuwaza kwamba wanaolitunza ni watu, wana maiti wao na desturi zao. Mama yangu angeniona angenizaba kofi. Yeye asingewasha hata jiko jipya bila chumvi.

Kisha siku ya nne nikafanya kazi. Kama iliyeyuka ikaingia, itayeyuka ikatoka. Niliosha kipande kimoja kwa maji, halafu kwa tindikali hafifu, nikakausha, nikakipitishia moshi. Tisini! Mzee, tisini katika mia! Kinafufuka! Mpaka leo hakuna aliyekuwa amenipa sababu ya kujaribu kukiosha.

Nitaandika ripoti yangu mwenyewe kwa kamati. Nitasema ni uchafu wa chumvi ulioingizwa kwa bahati mbaya wakati wa ukaguzi. Sitakutaja. Umebakiza hadi Machi ustaafu, na najua Kuga atakufanya nini akilijua jina. Tulia, nyamaza, uagwe kwa heshima zako.

Orihara Fumie


Isozaki, 1 Oktoba 1975

Binti Orihara,

Hapana.

Umesoma sana lakini Kuga humjui. "Uchafu ulioingizwa kwa bahati mbaya" atautafuna kwa chai. Atasema: uliingizwa na nani? Lini? Kiasi gani? Utanyamaza, na yeye atasema, basi ni bahari. Nimekaa kwenye mikutano yake miaka ishirini, najua anavyomchinja mtu asiye na jina la kutoa.

Andika jina langu. Liandike lote, na cheo, na namba ya boila.

Unataka kunihifadhi niagwe kwa heshima? Heshima gani hiyo? Nipewe hati ya pongezi na saa ya ukutani, nirudi nayo nyumbani niitundike juu ya kichwa cha Sue aliyelala ameketi? Nimwambie dawa ilikuwepo ila niliificha ili nipigiwe makofi? Usinihurumie namna hiyo. Naona ni tusi.

Na siombi msamaha kwa chumvi. Nitaomba kwa mahali nilipoiweka, basi. Kameda alistahili kusafishiwa njia, na kampuni ndiyo iliyopaswa kufanya hivyo. Sasa naiweka chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza, nje. Vijana wa zamu wameanza kupanda tena.

Maelezo yangu haya hapa, na muhuri wangu. Nakili kama yalivyo, usinyooshe lugha.

"Mimi Mukai Torakichi, miaka hamsini na minne, mkuu wa zamu, Boila Namba Tatu, Isozaki, niliweka chumvi ya jikoni ndani ya sanduku la kichocheo, konzi moja kila mara, tarehe 14, 20 na 30 Juni, na 10, 20 na 30 Julai. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyeniona. Mke wangu amepima konzi yangu kwenye mizani ya jikoni mara tano. Ndogo kabisa gramu 57, kubwa 63. Bahari haina mkono."

Mukai Torakichi


Tokyo, 6 Novemba 1975

Mzee Mukai,

Nakuandikia kutoka kwenye chumba cha wageni chenye godoro jembamba kama biskuti. Kikao kimekwisha leo, na nataka uisikie habari yake kwangu kabla hujaisikia kwa Kuga.

Alizungumza kwanza, nusu saa, na ramani yenye viwanda vyote pwani na mishale ya upepo wa kusini unaoanza Juni. Ilikuwa ramani nzuri. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kumkubalia.

Nami nikasimama. Sikuwa na ramani. Nikasoma maelezo yako kama yalivyo. Nilipofika kwenye mizani ya jikoni mtu mmoja alicheka. Nikamwacha amalize. Kisha nikaandika ubaoni: sodiamu yote niliyoikuta, vipande vitatu vikipigiwa hesabu ya sanduku zima, ni sawa na gramu mia tatu na arobaini za chumvi. Konzi sita zako ni kama mia tatu na sitini. Pembeni nikaandika tarehe zako, na mkabala nazo namba zako zikishuka ngazi kwa ngazi baada ya kila tarehe. Upepo haufuati ratiba ya siku kumi. Aliyecheka alivaa miwani akaanza kunakili.

Kuga akainuka. Akasema hilo ni neno la mwasha boila mmoja, mzee, anayetafuta kujulikana. Mwenyekiti ni profesa asiyesikia vizuri, ikabidi maneno yarudiwe. Kisha akauliza, "Meneja Kuga, mtu anatafuta kujulikana kwa kusema yeye ndiye aliyeharibu?" Kuga akageuka, akaanza kuiteremsha ramani yake ukutani. Nitakikumbuka kitendo hicho siku nikiwa na homa, kitaniponya.

Hawakutupa ushindi. Wametupa saa elfu mbili nyingine. Sanduku lile lile, lioshwe, lirudi kwenye dohani yako, kando ya bahari ile ile, katika upepo wa baridi unaorusha povu mpaka ukutani. Nitalifunga kwa kufuli na lakiri ya kamati, ile nta ya muhuri, na ufunguo nitaushika mimi. Mwezi wa pili litafunguliwa mbele ya mashahidi. Kama ni bahari inayoua, litakufa. Faili halijafungwa.

Nilitaka kukuandikia asante, lakini najua utaniambia ni tusi.

Orihara Fumie


Isozaki, 20 Desemba 1975

Binti Orihara,

Hapa baridi imeingia, na Sue ameanza kukohoa mapema kuliko mwaka jana.

Wamenifukuza. Wiki iliyopita. Miezi mitatu kabla ya kustaafu, hakuna sherehe, hakuna saa ya ukutani. Nimesikitika? Nimesikitika, siwezi kukudanganya. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa soksi, nikakaa kitandani sijui niende wapi.

Lakini ngoja nikupe yaliyotangulia. Kuga alikuja mwenyewe kutoka Nagoya. Akanipa kiti! Akaniandikia karatasi, kwamba mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kwa majonzi ya Kameda, sikumbuki vizuri kama niliweka chumvi au niliota. Nikigonga muhuri, naagwa kwa bendi. Akasema, "Mzee Mukai, fikiria umri wako."

Nikamwambia, "Nimefikiria. Mkono huu ndio uliomwaga, na wewe ulimshikia kuhani mwavuli alipomwaga ya kwanza. Unataka tuseme nani aliota?"

Akaikunja karatasi yake. Nusu saa baadaye nilikuwa nje.

Nilipomweleza Sue alicheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi nimsugue mgongo. Akaniambia niirudie.

Noguchi wa zamu yangu anapita hapa kila jioni, ananisomea namba juu ya ukuta wa uani kama mtu anayeuza samaki. Jana saa mia sita. Tisini na moja. Juzi bahari ilirusha povu mpaka kwenye paa la boila. Tisini na moja! Ngazi yako mpya ni nzuri. Wanaishika pande zote mbili.

Mukai Torakichi


Nagoya, 18 Februari 1976

Mzee Mukai,

Saa elfu mbili zilitimia jana alfajiri. Kipimo kinasema tisini. Nimeona kwa macho yangu, nilikuja hapo kwenu kwa treni na kurudi siku ile ile, sikupita kwako kwa sababu ningelia mbele ya Mama Sue na ana shida zake.

Jumatatu watu wa kamati wanakuja kulifungua. Meneja Kuga amenitumia orodha ya watakaoruhusiwa kuingia. Majina tisa. Lako halimo. Nilipouliza nikajibiwa kwamba wewe si mfanyakazi tena, na kwamba kuwepo kwako "kutaleta hisia zisizo za kisayansi".

Nimewajibu kwa maandishi, nakala kwa mwenyekiti. Nimesema ufunguo uko mfukoni mwangu, na lakiri haitavunjwa na mtu yeyote mpaka shahidi wa kwanza awe amesimama mbele ya sanduku. Kuga amepiga simu mara tatu. Mara ya tatu aliniambia nitafukuzwa. Nikamwambia anifukuze Jumanne, Jumatatu nina kazi. Simu nilikata mimi, si yeye.

Njoo, Mzee Mukai. Saa tatu asubuhi, geti la kaskazini. Nitakuwa nje kukusubiri, na hao tisa watasubiri ndani, hata ikifika jioni. Vaa sare yako ya kazi, wakujue wewe ni nani.

Orihara Fumie


Isozaki, 20 Februari 1976
(kadi ya posta)

Binti Orihara,

Sare waliichukua getini. Nitakuja na nguo zangu za kulimia figili. Wakiuliza mimi ni nani, waambie ndiye aliyeliua sanduku mara ya kwanza, amekuja kuliona likiwa hai.

Mukai Torakichi